Haki Yenye Ushahidi Si Kuomba

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malezi ya watoto na juu ya mume na mke kuishi kwa wema. Mwezi huu twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya jambo jingine la nyumbani, nalo ni hali ya nyumba ambayo mwenye kuilisha hawezi tena kufanya kazi.

Baada ya sala ya Ijumaa moja tulimkuta mtu ameketi ngazini pa msikiti, magongo mawili yamelazwa ubavuni pake na bakuli la bati li mbele yake. Uso wake haukuwa mgeni kwetu. Miaka mitatu nyuma mtu huyu alikuwa kuli katika maghala ya Mombasa, mwenye kifua kipana, akibeba magunia ya kilo 50 tangu asubuhi mpaka alasiri. Tulimwamkia, tukaketi naye, tukamwuliza yaliyompata. Akasema:

"Maalim, nilikuwa juu ya shehena, gunia likateleza, nikaanguka nalo. Mgongo ukavunjika. Tajiri alinipeleka hospitali, akanipa nauli na noti chache, akaniambia nikipona nirudi. Sikupona, wala sikurudi."

Tukamwuliza, "Ajali ile uliiandikisha popote?"

"Niiandikishe wapi? Yalikuwa majaaliwa ya Mwenyezi Mungu. Nilishukuru kwamba sikufa."

"Wala hukwenda Serikalini kuuliza kama una haki yoyote?"

Akatabasamu, akasema maneno ambayo mpaka leo hayajatutoka moyoni: "Maalim, mimi si mtu wa kwenda kulia Serikalini. Heshima yangu ningali nayo."

Alisema hayo ilhali bakuli li mbele yake. Na mwanawe mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, amekwisha acha shule na sasa asukuma mkokoteni sokoni.

Hatuyaelezi haya kwa kumcheka ndugu yetu. Twayaeleza kwa sababu aliyoyasema yeye husemwa katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani, na nyumba hizo hulala na njaa kwa kuyaamini. Tumechanganya mambo mawili yasiyochanganyika: kuomba, na kudai haki. La kwanza dini yetu imelichukia ila kwa dharura. La pili halina aibu ndani yake, wala kulinyamazia si katika uchaji Mungu.

MASHAHIDI WATATU

Imam Muslim amepokea katika Sahihi yake khabari ya sahaba Qabisa bin Mukhariq, Mwenyezi Mungu amwiye radhi, aliyejitwika mzigo wa dhamana baina ya watu, akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kutaka msaada. Mtume alimwambia angoje mpaka mali ya sadaka ifike, kisha akamfundisha kwamba kuomba hakumjuzii mtu ila akiwa mmoja wa watatu: aliyebeba dhamana ya watu, aliyepatwa na msiba ulioangamiza mali yake, na aliyefikiwa na ufukara. Huyu wa tatu akamwekea sharti, kwamba wasimame watu watatu wenye akili katika jamaa zake washuhudie kwamba kweli fulani amefukarika.

Yatazameni maneno haya kwa makini. Mtu maskini, hana kitu, naye atakiwa mashahidi watatu. Je, alikuwa akidhaniwa kuwa mwongo? Hasha. Mali ile ilikuwa ni mali ya umma, na mali ya umma ni amana, haitolewi kwa kukisia. Shahidi alikuwa ni ulinzi wa mali, tena alikuwa ni ulinzi wa maskini mwenyewe, kwani aliyeshuhudiwa na watu watatu wenye akili hapana awezaye kumnyoshea kidole na kumwita mvivu.

Basi leo Serikali inapotaka cheti cha daktari, kitambulisho, na maneno ya mzee wa mtaa, sisi hukasirika tukasema, "Wanatusumbua, hawataki kutoa." Mara nyingine usumbufu upo, hatuukatai. Lakini asili ya jambo lile si dharau. Ni mashahidi wale wale, wamebadilika sura tu.

Wala msidhani kwamba riziki ya asiyeweza kazi kutoka katika hazina ya dola ni jambo tulilolipata kwa Wazungu. Wanahistoria wa Kiislamu wameandika kwamba Khalifa Walid bin Abdulmalik, aliyetawala Damascus tangu mwaka 705 mpaka 715, aliwawekea walemavu posho, akawakataza kuombaomba, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Makatazo yale ya kuomba yalikuja pamoja na posho. Mtawala hakumwambia kilema, "Usiombe," kisha akamwacha afe.

MILANGO MITATU

Sasa na tuje kwetu Kenya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imemhesabia kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na ikailazimisha Serikali kuwapa hifadhi ifaayo wale wasioweza kujikimu wenyewe na wanaowategemea. Kifungu cha 54 chasema juu ya wenye ulemavu na haki yao ya kutendewa kwa heshima. Hayo ndiyo msingi. Lakini msingi si nyumba, na mwenye haja ataka kujua apite wapi.

Iko milango mitatu, na kila mlango una bawabu wake, na kila bawabu ana swali lake. Wengi hushindwa kwa sababu wameupigia hodi mlango usio wao, wakarudishwa, wakadhani kwamba yote imefungwa.

Mlango wa kwanza ni wa aliyeumia kazini. Bawabu wake auliza: Uliumia ukiwa kazini, na ulisema kwa wakati wake? Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi waijua kwa jina la WIBA, yawahusu wafanyakazi wote isipokuwa wanajeshi. Kibarua naye ni mfanyakazi. Aliyeumia ampe mwajiri khabari mapema iwezekanavyo, kwa mdomo au kwa maandishi, na mwajiri naye apaswa kuipeleka khabari hiyo kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku 7. Madai yenyewe yapelekwe kabla ya kupita miezi 12 tangu siku ya ajali. Aliyelazwa asiweze kazi kwa muda ana haki ya malipo ya kadiri ya ujira wake, yasiyozidi miezi 12. Na aliyebaki na ulemavu wa kudumu hupimwa na daktari kwa asilimia: aliyepimwa asilimia 100 fidia yake huhesabiwa kwa ujira wa miezi 96, na aliyepimwa chini ya hapo hupata sehemu yake. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kumpelekea pingamizi, na baada ya jibu lake ana siku 30 za kwenda katika Mahakama ya Ajira na Kazi. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hii. Kwa hivyo asiyejua asidanganywe na dalali amwambiaye akimbilie mahakamani kwanza. Njia yaanzia kwa Mkurugenzi.

Wako miongoni mwetu wanaosita katika mlango huu, wakasema kwamba fidia hulipwa na mashirika ya bima, na bima ina maneno katika sheria ya dini yetu. Sisi twasema hivi. Aliyefunga mkataba na bima ni mwajiri. Mfanyakazi yeye amdai mwajiri kile ambacho sheria imekiwajibisha kwa ajili ya kiungo chake. Wala kukikadiria kiungo thamani yake si jambo geni kwetu. Vitabu vya fikhi vina mlango mzima wa diya za viungo, kwamba macho mawili yana diya kamili, jicho moja nusu yake, na kila kidole ngamia 10 katika wale 100. Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni mamoja, kwani diya ina masharti yake. Twasema tu kwamba mwenye kuhesabiwa kiungo chake hakufanya jambo la aibu. Na mwenye shaka amwulize Sheikh wake. Lakini ajali aiandikishe kwanza, kwani fatwa yaweza kungojwa na miezi 12 haingoji mtu.

Mlango wa pili ni wa aliyekuwa akichanga. Bawabu wake auliza: Je, ulitia akiba, na ulemavu wako ni wa kudumu? Huu ni mlango wa Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Hapa hapaulizwi mtu aliumia wapi. Aliyepigwa na kiharusi kitandani mwake na aliyepofuka kwa kisukari wote ni sawa. Chini ya Sheria ya mwaka 2013, pensheni ya ulemavu ni ya mwanachama ambaye jopo la madaktari limethibitisha kwamba ulemavu wake wa mwili au wa akili ni wa kudumu, naye awe amechanga miezi isiyopungua 36 mfululizo kabla ya kupatwa, na awe hajafikia umri wa kustaafu. Mfanyakazi hukatwa asilimia 6 na mwajiri hutoa asilimia 6, kwa viwango vilivyowekwa. Mfanyakazi asiyeuliza kama makato yake yafika kule yanakokwenda atakuja kuuliza siku ambayo hawezi kusimama. Na mvuvi, mchuuzi na fundi wa mtaani, wasio na tajiri wa kuwakata, nao waweza kujiandikisha kwa hiari yao.

Mlango wa tatu ni wa asiyekuwa na hili wala lile. Bawabu wake auliza: Je, mtu huyu ahitaji mwangalizi daima, na nyumba yake ni ya kimaskini? Huu ni mpango wa kuwapa fedha wenye ulemavu mkubwa, ulioanzishwa mwaka 2011, nao umo katika ule uitwao Inua Jamii. Kiwango kilichojulikana kwa miaka mingi ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila nyumba. Ulemavu unaotajwa hapa ni ule wa mtu asiyeweza kula, kuoga wala kugeuka bila ya mkono wa mwingine. Nyumba yenye pensheni, au yenye kupokea fedha za mpango mwingine kama ule wa wazee waliotimiza miaka 70, haitiwi katika huu. Majina huthibitishwa mbele ya watu wa mtaa, na hapo tena mtawaona mashahidi wa Qabisa. Na tuseme ukweli: wenye sifa ni wengi kuliko nafasi, na mtu aweza kustahiki asiandikwe mwaka huu. Lakini jina ambalo halikutajwa kabisa haliwezi kuandikwa mwaka wowote.

Kabla ya kuufikia mlango huu wa tatu, lipo jambo ambalo kila mwenye ulemavu yafaa alifanye, nalo ni kujiandikisha kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, lililoundwa chini ya Sheria ya mwaka 2003. Sheria hiyo mwaka 2025 ilipisha sheria mpya, na Baraza likabaki. Mtu hupimwa katika hospitali ya Serikali iliyoteuliwa kwa kazi hiyo, ripoti ya madaktari ikapelekwa, naye akapata kadi yake. Kadi hiyo peke yake si fedha. Ni ushahidi. Hata aliye na ulemavu na angali akifanya kazi yaweza kumfaa, kwani akiomba kwa Mamlaka ya Ushuru na kukubaliwa husamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi.

Ndugu zetu wa Tanzania Bara nao wana mlango unaofanana na ule wa kwanza, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwezi wa Julai mwaka 2015. Waulize masharti yao huko huko kwao, kwani yetu na yao hayalingani.

ALIYEFICHWA CHUMBANI

Twamjua mama mmoja wa Likoni mwenye binti wa miaka 19. Binti huyu tangu kuzaliwa hakuweza kuketi wala kushika kijiko. Mama yake amlisha, amwogesha, amgeuza usiku mara tatu, na kwa kazi hiyo twamwombea pepo. Lakini binti yule hana cheti cha kuzaliwa, hana kitambulisho, wala hajapata kuonwa na daktari tangu utotoni. Tulipomwuliza mama sababu, alisita, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ana mabinti wengine wawili wa kuozwa, naye achelea posa zisije zikakatika watu wakijua.

Siku majina yalipoandikwa mtaani, mama huyu alikuwapo, akanyamaza. Yaliandikwa majina ya watu ambao hali zao ni nafuu kuliko ya mwanawe.

Enyi ndugu zetu, mtoto huyu si doa katika ukoo. Nani asiyeijua Sura ya Abasa na sababu ya kuteremka kwake? Aliyekuja alikuwa kipofu, Abdullah bin Umm Maktum, na kwa ajili yake Mtume mwenyewe alizinduliwa na Mola wake. Kisha kipofu huyo akawa mwadhini, na Mtume alipotoka Madina kwenda safari aliwahi kumwacha yeye awasalishe watu. Hakufichwa chumbani. Na mposaji arudishwaye na dada mgonjwa ni afadhali arudi leo kuliko kumwoa binti yako kisha akamkana nduguye.

Tena lipo neno kwa wale wanaowashikia walemavu mali zao. Fedha hizi mara nyingi hupokewa na mwangalizi, kwa kuwa mwenyewe hawezi kwenda. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Mwenyezi Mungu ametufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Na humo humo akamkumbuka aliye dhaifu au asiyeweza kutamka mwenyewe, kwamba walii wake ndiye aseme kwa niaba yake, naye aseme kwa uadilifu. Aya moja imekusanya mambo yote matatu ambayo leo twayazungumza: maandishi, mashahidi, na msimamizi wa asiyejiweza. Basi mwangalizi anayepokea shilingi 2,000 za mgonjwa, akanunulia nguo zake mwenyewe huku mgonjwa alala juu ya godoro lililooza, asidhani kwamba amekula mali ya Serikali. Amekula mali ya mtu ambaye hana ulimi wa kumshitaki duniani.

NA WENYE KUDANGANYA

Hatutakuwa waadilifu tukiwasema wenye kunyamaza tukawaacha wenye kusema uwongo. Wako watu wazima wa miili wanaotafuta kadi ya ulemavu ili wasamehewe kodi, na wako wanaomhonga mtu aandike ugonjwa usiokuwapo. Huyo ameiba mara mbili: ameiba katika hazina, tena ameiba imani ya watu, hata daktari akawa amtazama kila mgonjwa kwa jicho la shaka. Maskini wa kweli ajapo nyuma yake hupata mlango umefanywa mwembamba zaidi. Na wewe mgonjwa wa kweli usiongeze chumvi katika maradhi yako. Mwambie daktari uwezalo na usiloweza, siku njema na siku mbaya, basi. Vile vile usijikaze mbele yake ukasema "sijambo" kwa haya, kisha ukarudi nyumbani ukabebwa na watoto. Kuificha hali mbele ya mtu aliyewekwa kuipima si subira.

LA KUFANYA

Twawaomba wasomaji wetu mambo machache, nayo yote yawezekana.

La kwanza, kila nyumba iwe na mfuko mmoja wa karatasi, uwekwe mahali pamoja na mtu zaidi ya mmoja apajue. Ndani yake viwemo vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote hata yule asiyeweza kutembea, kadi za NSSF, karatasi za mishahara, na kila karatasi ya hospitali hata iliyofifia wino. Akina mama, nyinyi ndio wenye masanduku. Karatasi ya hospitali isifungiwe karanga.

La pili, mtu akiumia kazini, siku ile ile aseme kwa msimamizi wake mbele ya wenzake wawili, na aandike tarehe, saa, mahali, na majina ya walioona. Asipojua kuandika, amwandikie mwanawe. Hospitalini amwambie daktari kwamba ameumia kazini, ili liandikwe. Noti chache anazopewa na tajiri azipokee kwa shukrani, lakini asitie sahihi wala dole gumba katika karatasi asiyosomewa.

La tatu, na hili ni kwenu vijana. Katika kila msikiti wetu wamo vijana waliomaliza kidato cha nne na zaidi, nao hukaa barazani baada ya Alasiri. Kwa nini wasiwekwe wawili, siku moja katika wiki, wawasomee wazee karatasi zao, wawajazie fomu, na wawafuate katika ofisi? Kazi hii haitaki fedha, yataka subira. Na kamati za zaka nazo, kabla ya kumpa mtu unga wa mwezi, zimwulize: Je, unayo haki mahali ambayo hujaidai? Zaka haikatazwi kumsaidia mwenye haki nyingine ndogo isiyomtosha. Lakini tusimlishe mtu kwa zaka miaka 10 kwa jambo ambalo mwajiri wake alikuwa na wajibu nalo, ilhali mayatima hawajapata.

Natumaliize kwa yule ndugu yetu wa ngazini. Ijumaa iliyofuata tulimtaka aje na karatasi alizonazo, naye akaja na mwanawe, yule wa mkokoteni, amechukua bahasha iliyotoka katika sanduku la mkewe. Kijana alitusomea mwenyewe, moja baada ya moja, kwa sauti isiyokwama. Ilikuwapo karatasi ya hospitali yenye tarehe. Ilikuwapo kadi ya NSSF ya kazi aliyoifanya kiwandani kabla ya kuwa kuli.

Hatukumdanganya. Tulimwambia kwamba mlango wa tatu si wake, kwa kuwa aoga na kula mwenyewe, na kwa hilo amshukuru Mola wake. Mlango wa pili hatujui utakuwaje mpaka michango yake ihesabiwe. Na ule wa kwanza, ambao ulikuwa wake hasa, ameuacha mpaka miezi 12 ikapita. Labda umebaki ufa, kwa kuwa tajiri aliijua ajali tangu siku yake, na sheria humtazama kwa jicho jingine yule ambaye mwajiri wake alijulishwa. Lakini kujua kwa tajiri kwataka kuthibitishwa, na tajiri sasa asema hakumbuki.

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Laiti ningalijua, Maalim, ningalisema siku ile ile."

Tulimwuliza ni nani waliomwinua chini. Akawataja wawili. Mmoja amekwenda Kilifi, na wa pili hajui aliko, lakini nduguye huuza kahawa Mwembe Tayari. Kijana akayaandika majina yale nyuma ya bahasha, akasema ataanza na yule wa kahawa baada ya Magharibi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awapate, na walioona wasiogope kusema walichokiona. Na wewe msomaji, ikiwa uliwahi kumwona mwenzako akianguka kazini, jua kwamba ushahidi wake uko kwako. Usingoje aje kukutafuta kwa magongo.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.